Kuchemsha Maji Hakuondoi Risasi

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi kuhusu mabomba, mifereji na maji ya kunywa nyumbani



Kwa miaka mingi, baraza likiitwa kuhusu maji, mazungumzo huwa ni ya kipindupindu na homa ya matumbo. Wakazi wamesikia na wametii. Maji yanachemshwa, dawa ya klorini inatiwa kwenye mtungi, jerikani inasuguliwa na kufunikwa. Kuna watoto walio hai leo kwa sababu ya bidii hiyo, na hakuna litakalosemwa hapa la kumfanya mtu yeyote aiache. Lakini mada ya leo ni sumu isiyojali moto wala klorini. Ni madini ya risasi.

Neno lenyewe kwanza, kwa kuwa linachanganya. Kwa Kiswahili risasi ni ile ya bunduki, na pia ni jina la metali yenyewe: nzito, ya kijivu, laini kiasi cha kukunjwa kwa mkono. Wavuvi wanaijua kama chubwi la mshipi. Makanika wanaijua ndani ya betri ya gari. Mafundi wa redio wanaijua kwenye waya wa lehemu. Ni metali yenye manufaa mengi, na kwa karne nyingi watu waliifanya mabomba ya maji kwa sababu ni rahisi kuikunja na haipasuki upesi. Warumi wa kale waliiita plumbum, na kutokana na jina hilo ndipo Waingereza walipopata neno lao la fundi wa mabomba. Uingereza na Marekani zililaza mabomba ya risasi chini ya miji yao kwa vizazi, na mpaka sasa zinahangaika kuyafukua. Marekani ilipiga marufuku mabomba mapya ya aina hiyo mwaka 1986, na mnamo Oktoba 2024 serikali yake ikatoa kanuni ya kutaka yaliyosalia yaondolewe katika muda wa miaka 10. Hiyo ni nchi yenye fedha nyingi.

Sasa mkazi wa hapa anaweza kusema, na ana haki ya kusema, kwamba hayo ni ya kwao. Nyumba nyingi za Kenya zina mabomba ya chuma kilichopakwa zinki au ya plastiki. Ni kweli. Lakini risasi haihitaji bomba zima ili iingie kwenye kikombe. Inaweza kukaa kwenye mfereji wa brasi, ile shaba ya manjano, kwa sababu viwanda huchanganya risasi kidogo kwenye brasi ili iwe rahisi kuichonga. Inaweza kukaa kwenye viungo vya mabomba ya shaba vilivyounganishwa kwa lehemu ya kawaida. Zinki inayopakwa kwenye mabomba ya chuma huweza kuwa nayo. Hata baadhi ya mabomba ya plastiki ngumu yametengenezwa kwa kutumia kemikali za risasi ili yasiharibiwe na joto. Ndiyo maana swali la kuuliza ni hili: kabla maji hayajafika kwenye sufuria, yamelala ndani ya kitu gani, na kwa muda gani?

Barani Afrika swali hilo limeshaulizwa. Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza mitambo ya maji ya vijijini nchini Ghana, Mali na Niger, ikiwemo pampu za mkono. Karibu asilimia 9 ya sampuli zilikuwa na risasi kupita kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Chini ya ardhi maji yalikuwa salama. Sumu iliingia njiani, kwenye vipande vya metali ambavyo maji yalipitia, hasa vya brasi. Huko Toamasina, mji wa bandari mashariki mwa Madagascar, hali ilikuwa wazi zaidi. Familia nyingi huko hutumia pampu ndogo za mkono zinazoundwa na mafundi wa mitaani, na ndani yake kulikuwa na vali iliyotiwa uzito kwa risasi. Dawa yake ilikuwa nini? Mafundi wenyewe walifundishwa kuitoa risasi na kuweka chuma mahali pake. Kiasi cha risasi katika damu ya watoto wengi waliopimwa kikashuka. Haikuhitajika mashine ya mabilioni. Alihitajika fundi anayejua anachokitia ndani ya pampu.

Nchini Kenya, madhara ya risasi si hadithi ya mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu hii. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya kesi kupanda ngazi za rufaa, Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Kule Owino Uhuru sumu ilipita zaidi kwenye moshi, vumbi na udongo. Bombani risasi huwa kidogo zaidi na huingia polepole. Lakini mwili hauulizi imepitia mlango gani.

Na mwili una udhaifu mmoja mbele ya risasi: unaidhania ni kalisi. Huibeba kwenye damu, huipitisha hadi kwenye ubongo, kisha huihifadhi kwenye mifupa na meno, na inaweza kukaa humo kwa miongo mingi. Mwanamke akishika mimba, sehemu ya akiba hiyo hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Kwa mtu mzima risasi hupandisha shinikizo la damu na huumiza figo. Lakini wanaolipa zaidi ni watoto. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya risasi anayofyonza mtu mzima aliyemeza kiasi hicho hicho. Ubongo wake bado unajengwa, na risasi huuvuruga ujenzi huo. Mtoto haonekani mgonjwa. Hana homa, haharishi. Baadaye shuleni ndipo inapoonekana: hatulii, anasahau, anachelewa kusoma, na wazazi na mwalimu wanamwita mzembe. Dawa za kupunguza risasi mwilini zipo kwa wale walioathirika vibaya, lakini hazirudishi kilichoharibika kwenye ubongo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Shirika hilo linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kwa maji ya kunywa, kiwango cha juu kinachotumika, na ndicho kilicho kwenye kiwango cha Afrika Mashariki kinachofuatwa Kenya, ni mikrogramu 10 kwa lita. Kwa lugha ya nyumbani hesabu ni hii. Chukua lori 10 za maji, kila moja ya lita 10,000. Gramu moja tu ya risasi iliyoyeyuka na kuenea humo inatosha kuyafikisha maji yote ya lori hizo 10 kwenye ukomo. Hayabadiliki rangi. Hayanuki. Hayana ladha.

Hapa ndipo kina mama wasikilize kwa makini, na kina baba wasijifanye kwamba hayawahusu. Moto huua vijidudu kwa sababu vijidudu ni viumbe hai. Risasi ni metali, haifi. Sufuria ya lita 5 ikichemka mpaka zikabaki lita 4, lita moja imepaa kama mvuke na risasi yote imebaki. Kila kikombe sasa kina risasi zaidi kwa robo kuliko kabla ya kuchemshwa. Klorini haiiondoi pia. Vile vichujio vya udongo ni vizuri kwa vijidudu, lakini havikuundwa kwa ajili ya risasi. Kinachoweza kuipunguza ni kichujio kilichopimwa na kuthibitishwa kwa risasi hasa, au mtambo unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando, kama ule unaotumiwa na wengi wa wanaouza maji ya kujaza mitungi. Mwenye kununua kichujio asome karatasi yake: kama neno risasi halimo, asidhani limo.

Kwa hiyo mama anayechemsha maji ya uji wa mtoto kila asubuhi amefanya wajibu wake kuhusu kipindupindu. Kuhusu risasi, jambo la maana lilitokea kabla hajawasha jiko: aliyachota maji gani?

Maji yakilala bombani usiku kucha, muda wa saa 6 au zaidi, hupata nafasi ya kuyeyusha metali inayoyazunguka. Yale ya kwanza kutoka mferejini alfajiri ndiyo yaliyolala. Ushauri wa nchi nyingi ni kufungulia mfereji yatoke kwanza. Lakini hapa maji yanakuja kwa zamu, bili ni ghali, na kumwambia mtu ayamwage ni kumtukana. Hayamwagwi. Yakingwe kwenye ndoo, yapigie deki, yamwagiwe chooni, yaloweke nguo. Ya kunywa na ya kupikia yachotwe baada ya hapo. Kiasi gani? Bomba la nusu inchi hubeba karibu lita 2 za maji katika kila mita 10 za urefu. Kwenye nyumba ambayo tangi liko mita 20 kutoka jikoni, lita 4 au 5 zinatosha kuyatoa yaliyolala. Ndoo moja ya lita 10 inatosha nyumba nyingi. Ambaye hana uhakika wa urefu wa bomba lake aongeze kidogo. Kama bomba lenyewe ni la risasi, kutoa maji ya kwanza hupunguza tu. Maji bado hugusa risasi yanapopita, na bomba hilo halina budi kubadilishwa.

Siku ya maji kurudi baada ya kukatika ni ya kuangaliwa zaidi. Bomba lililokauka likijazwa kwa kishindo hung'oa kutu na chembe zilizogandia ndani, na kwenye chembe hizo huweza kuwemo risasi. Kila mtu ameona maji mekundu ya siku hiyo. Yasipikiwe hata yakitulia na kuonekana meupe. Kile kichujio kidogo cha waya kwenye mdomo wa mfereji nacho kifunguliwe na kuoshwa mara kwa mara, kwa sababu chembe hukwama hapo.

Maji ya moto huyeyusha risasi upesi kuliko ya baridi. Kwa hiyo maji ya chai na ya uji yachotwe baridi, kisha yapashwe jikoni. Yasichotwe kwenye mfereji wa hita ya jua au ya umeme hata kama ni kuokoa gesi. Maji ya mvua pia yana tabia yake: ni laini, yana asidi kidogo, na hula metali kuliko maji ya kisima yenye chumvichumvi. Tangi la mvua lenye mfereji wa brasi litolewe kikombe kimoja au viwili kabla ya kujaza mtungi wa kunywa.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonyeshwa tu, kama kliniki zinavyoshauri, maji hayamfikii kabisa. Wa kuangaliwa sana ni yule wa maziwa ya kopo, maana karibu kila anachokula ni maji ya nyumbani. Chakula nacho husaidia. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo maharagwe, omena, mboga za majani na maziwa vina kazi nyingine mbali na kushibisha.

Mafundi sasa. Mko hapa na hamkuitwa ili kulaumiwa. Fundi hufanya kwa vifaa anavyoletewa, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayesema leta cha bei ya chini. Lakini kuna mambo matatu ambayo fundi mzuri hayafanyi hata akibembelezwa: haungi bomba la maji ya kunywa kwa lehemu ya redio, hazibi tangi wala ndoo inayovuja kwa risasi iliyoyeyushwa, na hachukui bomba kuukuu lililobomolewa kwingine akaliweka jikoni bila kujua ni la nini. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, alama ya ubora ya KEBS itafutwe kwenye mfereji na kwenye bomba, na risiti itunzwe. Tofauti ya bei kati ya mfereji mzuri na wa ovyo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kuvunja ukuta baadaye. Wenye ploti za kupangisha walisikie hilo zaidi ya wote, kwa kuwa mfereji mmoja wa uani hunywesha familia nyingi.

Kutambua bomba la risasi si kazi ngumu. Kwa nje ni kijivu hafifu, na mara nyingi kiungo chake kimevimba kama goti. Likikwaruzwa polepole kwa ukingo wa sarafu, mkwaruzo hung'aa kama fedha, na bomba huhisika laini. Sumaku hailishiki. Sumaku ikinata, hilo ni la chuma. Wanaoishi au kufanya kazi kwenye majengo ya zamani sana wajaribu mahali ambapo bomba linaingilia nyumbani, wasilikate, na wanawe mikono baadaye.

Na wajibu wa serikali je? Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji ni kazi ya kaunti. Hapo pana fundisho kutoka Flint, mji uliokuwa na watu wapatao 100,000 wakati huo katika jimbo la Michigan, Marekani, na ni fundisho kwa maafisa kabla ya wananchi. Aprili 2014, ili kubana matumizi, mji huo uliacha kununua maji kutoka Detroit ukaanza kuchota kwenye mto wake. Maji ya mto yalikula metali, na wahusika hawakuyatia dawa ya kujenga utando wa kinga ndani ya mabomba. Risasi ikaanza kuingia majumbani. Wakazi walilalamika juu ya rangi, harufu na vipele. Waliambiwa maji ni salama. Oktoba mwaka huo kiwanda cha General Motors mjini humo kiliacha kutumia maji hayo kwa sababu yalikuwa yakitia kutu vipuri vya injini. Injini zikaokolewa, watoto wakaendelea kunywa kwa mwaka mzima mwingine.

Walioufumbua ukweli hawakuwa wale waliokuwa na jukumu la kuutafuta. Mama mmoja mkazi, LeeAnne Walters, hakukubali kunyamazishwa. Marc Edwards wa chuo kikuu cha Virginia Tech alipima maji ya majumba. Daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alilinganisha vipimo vya damu vya kabla na baada ya kubadilisha maji, na Septemba 2015 akatangaza kwamba idadi ya watoto wenye risasi nyingi imeongezeka. Maafisa walimpinga hadharani, kisha wakakiri kwamba takwimu zake ni sahihi. Oktoba 2015 mji ukarudi kwenye maji ya Detroit. Akiba iliyokusudiwa iliishia kwenye fidia ya zaidi ya dola milioni 600.

Kinachotakiwa kutoka kwa ofisi yoyote ya maji, basi, ni kusema wazi inapobadilisha chanzo cha maji au dawa yake, na kupokea malalamiko ya mkazi kama habari badala ya usumbufu. Mkazi naye alete malalamiko yenye tarehe, saa na mahali, na aandikiwe kwamba yamepokewa. Kwa kawaida kampuni ya maji hubeba jukumu hadi kwenye mita, na kutoka mita hadi jikoni ni la mwenye nyumba. Mpangaji akijikuta katikati, wakisukumiana, aende kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yake. Sheria za afya ya umma hazimwangalii mwenye hati ya nyumba peke yake.

Jambo la mwisho ni upimaji, kwa kuwa wengi hulipia kipimo kisichojibu swali lao. Uchunguzi wa kawaida wa maji hutafuta vijidudu, chumvi na klorini. Anayetaka kujua kuhusu risasi aitaje risasi kwa jina, kwenye maabara iliyoidhinishwa, na aombe chupa zao, kwa maana chupa ya soda iliyosuuzwa huharibu kipimo. Achukue sampuli mbili. Ya kwanza ni ya alfajiri, kabla mtu yeyote hajagusa mfereji wala kuvuta choo, na chupa ijazwe kwa maji yale ya kwanza kabisa. Ya pili ichukuliwe baada ya maji kutiririka na yaliyolala bombani kutoka yote. Kila chupa iandikwe saa na mahali. Risasi ikionekana kwenye ya kwanza na kupotea kwenye ya pili, tatizo liko kwenye mfereji au mabomba ya nyumba yenyewe, na fundi aanzie jikoni. Ikionekana kwenye zote mbili, karatasi hiyo ya majibu ipelekwe kwenye kampuni ya maji na kwa afisa wa afya siku hiyo hiyo, na watoto wa nyumba hiyo wapelekwe hospitali wakapimwe damu.